Gemu Nisiyoipenda, Lori Nisiloliita

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu! Ahimidiwe Mwenyezi Mungu aliyetufikisha Alasiri ya leo tukiwa wazima. Salamu pia kwa dada zetu walio nyuma ya pazia. Mke wangu Fardosa yumo humo, kwa hiyo nikiongeza chumvi mtamsikia akikohoa.

Imamu ameniambia niseme Kiswahili kwa sababu leo tumechanganyika: walimu, watu wa ofisi, wanafunzi, Wasomali, Waborana, na wengine waliotoka mbali. Haya. Kiswahili changu ni cha soko la mifugo. Nikisema "bole" jueni nimesema pole, msinicheke.

Wengi wenu hapa mtaani Galbet mnanijua. Mimi ni Abdullahi, dalali wa ng'ombe. Siku ya soko niko pale tangu alfajiri na fimbo yangu. Mfugaji akija kutoka mbali, namtafutia mnunuzi. Wakati wa ukame namwambia yupi amuuze leo na yupi abaki naye. Kazi hiyo naijua, wallahi! Ng'ombe mwenye njaa ukimuuza akiwa bado amesimama, umepata kitu. Akishalala chini na akashindwa kuinuka, hakuna mnunuzi atakayemtazama. Nimewaambia watu hivyo miaka mingi na wamenisikiliza. Kumbe mimi mwenyewe nyumbani nilikuwa na kitu kilichonishinda kukiacha, na hakikuwa na kwato. Kilikuwa gemu.

Mnacheka. Chekeni tu, hata mimi ningecheka.

Nilinunua mashine ya gemu kwa rafiki aliyekuwa anahama mji. Ilikuja na magemu matatu. Ningebaki na hayo matatu, leo nisingesimama hapa. Lakini mnajua mambo ya mtandao. Hii bei imeshuka leo, nikachukua. Ile wanaitoa bure wiki hii, nikachukua. Nikawa na daftari la kuandika majina yake nisije nikasahau. Daftari likajaa, nikaanza kuandika pembeni. Yaliyoingia yalikuwa zaidi ya mia, na niliyoyamaliza unaweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Sasa sikieni ujinga wangu ulikotoka. Baba alifariki nikiwa mdogo, na aliyenilea ni kaka wa mama yangu, Abti Hirsi. Kwetu mjomba ni abti, naye humwita mpwa wake abti vilevile. Alikuwa anafuga kule Diff, mpakani, na ndiye aliyenipeleka dugsi nisome Kurani. Mliosoma dugsi mnajua: maalim anakuandikia aya kwenye ubao kwa wino wa makaa, na ubao hauoshwi mpaka umehifadhi kila neno. Mimi siku moja niliuosha kwa hila. Nilichapwa, kisha nikaambiwa mbele ya wenzangu wote kwamba mimi ni mtu wa kuacha vitu katikati. Neno lile liliniingia, nikakua nalo. Basi nilipoanza magemu nikajiwekea sheria ile ile: nikiianza gemu, haifutwi mpaka niimalize. Astaghfirullah! Sheria ya kuhifadhia maneno ya Mungu, nikaipeleka kwenye gemu za kukatana mapanga.

Na msidhani nilikuwa nafurahi. Baada ya Adhuhuri, joto la Garissa mnalijua, nakaa chini ya feni, nawasha, naiona ile orodha, moyo unazama. Nyingine nilikuwa nimeiacha miezi, nimesahau hata vitufe vyake. Kuifuta siwezi, kwa hiyo naianza upya, na nikifika katikati ile nyingine inanisuta. Fardosa aliwahi kuniambia, "Abdullahi, mbona unacheza umekunja uso hivyo, kuna mtu amekulazimisha?" Nikamwambia aniache. Ehe, mmemsikia akikohoa?

Kulikuwa na moja ya mfalme aliyenyang'anywa ngome yake. Ndefu! Farasi anakwenda, anakwenda, na kila kijiji kina mtu anayekuomba umletee kitu. Mmoja anataka maji ya mlimani, mwingine amepoteza pete. Mimi naenda, nawaletea. Ndugu zangu, gemu ile sikuipenda. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Laiti ningekuwa naipenda, ningesema nilipotoshwa na raha. Niliicheza kwa sababu nilikuwa nimeianza, basi.

Ukaja ule ukame. Mnaukumbuka, sina haja ya kuusimulia. Abti Hirsi alikuwa amebakiwa na ng'ombe kumi na wanne. Akanipigia simu asubuhi moja.

"Abti," alisema, "nimewasogeza mpaka kando ya barabara. Majani hapa hakuna, lakini lori likija leo au kesho, watafika Garissa wakiwa wima. Nitafutie lori."

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Malori yanapeleka bidhaa mpakani na yanarudi matupu, na madereva wake ni watu wangu. Nilitakiwa kupiga simu moja. Moja! Nikamwambia, "Haye abti, naongea na dereva sasa hivi." Na pedi ya kuchezea gemu iko mkononi. Nilikuwa napambana na jemadari anayelinda lango la ngome ya yule mfalme, na pale ukiacha kabla hajafa, unarudishwa mbali nyuma. Nikasema nimalize huyu kwanza. Akaniua. Nikarudia. Akaniua tena. Adhana ya Magharibi ilinikuta nimekaa pale pale.

Kesho yake abti akapiga tena. Nikamwambia dereva yuko njiani. Nilidanganya, ndugu zangu, kwa mdomo huu mnaouona. Nilijiambia nitapiga nikitoka msikitini, halafu nikatoka msikitini nikaenda kwa jemadari. Siku ya tatu simu niliiweka bila sauti. Nilipoitazama nikakuta amenipigia mara sita.

Ndipo nikampigia dereva. Akaniambia, "Waryaa, umechelewa! Jana asubuhi nilikuwa huko huko Diff natafuta mzigo wa kurudi nao. Mtu akanipigia, nimembebea mbuzi wake. Ungenipigia wewe kwanza, ningembebea mjomba wako." Kisha nikampigia abti, nikamwambia kwamba malori hayakupatikana kabisa, kwamba nimehangaika mji mzima. Akasema, "Alhamdulillahi, abti. Umejitahidi."

Aliondoka Diff kwa miguu na wale walioweza kusimama, akashika njia ya Dadaab. Ng'ombe waliokaa siku tatu kando ya barabara bila jani, wakisubiri lori ambalo mimi sikuliita. Alipofika Dadaab watu wema wakampakia na ng'ombe wake kwenye gari lao. Akaingia Garissa na ng'ombe watatu. Kumi na mmoja walibaki huko nyuma, wengine Diff na wengine njiani.

Nikawauza wale watatu mwenyewe, sikutaka hata haki yangu ya udalali, na nikajiona mtu mwema! Abti akakaa kwangu. Mtu ambaye maisha yake yote ameamka na kwenda kuwatazama ng'ombe, sasa anaamka anatazama ukuta. Anakunywa chai, anaswali, anarudi kwenye mkeka. Na mimi, ndugu zangu, nitawaficha nini? Nikaendelea kucheza. Wiki tano! Sikuwa na uso wa kumtazama, kwa hiyo nikatazama televisheni.

Siku moja baada ya Alasiri aliuvuta mkeka wake, akakaa kando yangu.

"Huyu mtu wako anakwenda wapi?" akaniuliza.

"Kwenye ngome yake, abti."

"Akifika?"

"Gemu inaisha."

"Unaipenda?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikafikiri kidogo, nikasema, "Hapana. Siipendi."

"Basi mbona huiachi?"

"Nimeshaianza, abti. Siwezi kuacha kitu katikati."

Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na afadhali angenifokea.

"Mimi nimemwacha Addey njiani akiwa hai," alisema. Addey alikuwa ng'ombe wake mweupe, mama wa karibu kundi lote, nimekunywa maziwa yake nikiwa mtoto. "Alilala chini. Nikamwinua mara mbili, akalala tena. Alikuwa ananitazama. Ningekaa naye, wale watatu wasingefika kwenye maji. Nikageuza uso, nikatembea. Na wewe, abti, umeshindwa kuacha kitu hiki?"

Ya Allah! Pedi ilinitoka mkononi. Nililia mbele yake, mimi mtu mzima mwenye ndevu. Nikamwambia, "Abti, lori lilikuwepo. Mimi sikumpigia dereva. Nilikuwa hapa, na gemu hii hii."

Akasema, "Najua."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Dereva alikunywa chai karibu yangu kule Diff, lori lake limeshajaa mbuzi wa watu. Nilimuuliza kama umempigia. Alisema hapana."

"Na ukakaa kwangu wiki tano bila kusema?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Ndugu zangu, nimesikia mawaidha mengi katika msikiti huu, na maimamu wanisamehe, hakuna lililonipiga kama hilo. Mzee alijua. Alikula chakula changu akijua, akaniita abti akijua, akawaombea dua watoto wangu akijua. Siku ile Mwenyezi Mungu alinifungua. Sikuota ndoto, wala sikusikia sauti kutoka mbinguni. Alinifungua kwa kinywa cha mzee aliyekaa kwenye mkeka.

Abti akaniambia, "Leta hilo daftari lako." Hajui kusoma herufi hizi, kwa hiyo mimi nilisoma na yeye akauliza. Aliuliza swali moja tu kwa kila jina: "Hii ikipotea leo, utatoka kuitafuta?" Nikijibu mara moja kwamba ndiyo, anasema weka. Nikisita, anasema futa. Kuna moja nilijitetea sana, nikamwambia imebaki kidogo tu niimalize. Akasema, "Sikukuuliza imebaki kiasi gani." Nikafuta. Fardosa alikuwa mlangoni, na kila jina likifutwa anasema mashallah. Tulipomaliza yalikuwa yamebaki manne. Mfalme naye alikwenda, akiwa mlangoni pa ngome yake. Mpaka leo sijui kama aliipata, na wallahi sijali!

Sikuja hapa kuwaambia vijana kwamba gemu ni shetani. Moja katika yale manne nimeimaliza na nimeifurahia, na nyingine niliipenda mwanzo, ikanichosha, nikaiacha siku hiyo hiyo. Mbingu hazikuanguka. Ninachokuja kukiri ni kwamba nilikuwa mtumwa wa sheria ambayo hakuna aliyenitungia ila mimi, na nikaiita uaminifu. Mtu wangu mwenyewe alikuwa ananiita kwenye simu, na huo ndio uaminifu uliokuwa unatakiwa, na ndio nilioukosa.

Abti alirudi Diff mvua ziliponyesha. Sasa anachunga mifugo ya watu wengine. Mzee wa umri ule! Nilimwambia nimnunulie ng'ombe, akasema Mungu akuzidishie, abti, huku nimeshazoea. Amenisamehe. Alisema hivyo mbele ya Fardosa, na mimi namwamini, si mtu wa maneno mawili. Kila Ijumaa ananipigia. Anauliza watoto, anauliza mvua, anauliza soko. Tunacheka. Kisha anasema nabad gelyo, kaa kwa amani, na simu inakatika. Haniombi kitu. Zamani kila simu ilikuwa na ombi, abti niletee hiki, abti niulizie kile, na mimi nilikuwa nakereka. Sasa hakuna.

Wiki iliyopita nilimkuta yule dereva katika duka la dawa hapa mjini, ananunua dawa ya macho. Nikamtania, nikamwambia macho yako si mazima kuliko yangu? Akasema si yake. Nikamuuliza ni ya nani. Akaangalia chini, akasema, "Ni ya Abti wako. Ameniagiza mimi."

Nilitoka pale dukani nikakaa ndani ya gari, sikuweza kuliwasha.

Ndugu zangu, namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenitoa nilipokuwa. Alhamdulillahi! Yeyote hapa aliyefungwa na kitu asichokipenda, kiwe gemu, kiwe chochote, amwendee Mola wake leo kabla ya Magharibi. Yeye hachoki kupokea, na milango yake iko wazi. Mtumainini. Na ukiwa na mtu ambaye bado anakupigia simu kukuomba kitu, inuka umtimizie angali anakuomba.

Mimi nina haja moja tu, nanyi nisaidieni kwa dua. Mwombeni Mungu siku moja simu yangu ilie, na Abti Hirsi anitume.

Semeni amin.