Makala ya Pili ya Profesa

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo. Waheshimiwa wajumbe wa Baraza. Wakuu wa idara. Madaktari na wauguzi wa hospitali jirani. Wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimetuishia. Na zaidi ya wote, Profesa wetu unayestaafu leo, pamoja na dada yako uliyeketi naye: nawasalimu kwa heshima zote.

Nimepewa kazi ya kumuaga mtu aliyenifundisha kutoa damu bila mkono kutetemeka. Waandaaji wameninong'oneza nisisahau kutaja kazi zake zimenukuliwa mara ngapi duniani. Idadi hiyo iko kwenye bango nyuma yangu, kwa herufi kubwa kuliko cheo chake, na sina haja ya kuirudia. Nani hapa hajui kwamba katika chuo hiki hakuna mtafiti wa fiziolojia aliyenukuliwa kama yeye? Ninachotaka kueleza ni kwa nini, mlipoipigia makofi idadi ile, yeye aliinamisha kichwa.

Makala iliyompa jina ilihusu jinsi mwili unavyotumia sukari mtu anaporuka mlo wa asubuhi. Mimi nilikuwa mwanafunzi, yeye mhadhiri kijana, na maabara yetu ilikuwa chumba cha stoo chenye friji lililokuwa halifungiki mpaka ulipige teke. Watu wa kupima tuliwapata bwenini: vijana wa kiume, wazima wa afya, waliokubali lolote mradi mwishoni wapewe chai. Matokeo yalipendeza. Miili yao ilijitengenezea sukari taratibu, bila shida yoyote. Jarida kubwa likaichapisha makala, wengine wakainukuu, walionukuu nao wakanukuliwa, na baada ya miaka michache ushauri wa kuruka mlo wa asubuhi ukafika kwenye kuta za kliniki za kisukari, ikiwemo ile ya ng'ambo ya barabara.

Huko ndiko dada yake alikokuwa akitibiwa.

"Mdogo wangu, hii si ndiyo kazi yako?" alimpigia simu, furaha tele. "Daktari kaniambia nisile asubuhi. Nikamwambia, huyo aliyegundua hayo nimembeba mgongoni mimi!"

Haukupita muda akaanguka jikoni, sukari imeshuka kupita kiasi, na alipopatikana alikuwa amelala pale kwa saa nyingi. Tunamshukuru Mungu yupo nasi. Lakini mama huyu, aliyeweza kuwachekesha hata waliofiwa, siku hizi hulitafuta neno "kikombe" mpaka jasho linamtoka.

Profesa hakusema ni bahati mbaya. Alirudi maabara, akawaalika wanawake wa umri wa dada yake, wanaotumia dawa kama zake, akapima upya huku muuguzi akikaa kando ya kila kitanda. Miili yao haikufanya kama ya wale vijana. Basi akaandika tena, kwa jina lake mwenyewe, kwamba makala yake ya kwanza isitumike kwa watu kama hao.

Ndugu wageni, mnadhani nini kilitokea? Hakuna kitu. Kamati moja ya tuzo hapa chuoni hata ilimwomba asiitaje hiyo ya pili.

"Profesa, usijiharibie," mjumbe alimwambia mbele yangu. "Ile ya kwanza ndiyo inayotupandisha chati."

"Na dada yangu imempandisha wapi?" akamjibu.

Aliwaandikia watafiti waliomnukuu, mmoja baada ya mwingine. Walimjibu kwa adabu, wakamshukuru sana, kisha wakainukuu ile ile ya kwanza. Mnamjua mtu mwingine aliyetumia nusu ya maisha yake ya kazi akiwasihi watu waache kumsifu?

Kliniki ya hapa jirani ililibandua tangazo la kuruka mlo, lakini ni baada ya Profesa kwenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa kila Jumatatu, akimweleza kila mama aliyeingia. Kliniki nyingine nyingi bado zinalo. Hilo ndilo linaloniuma leo. Sisi tunampa ngao, yeye anakwenda nyumbani kupumzika, na makala ile inabaki kazini.

Asubuhi nilimuuliza angependa niseme nini. "Wasomee ile ya pili," alisema. "Kidogo tu, wasichoke."

Nasoma: "Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa za kushusha sukari, hasa mwanamke wa makamo, asishauriwe kuruka mlo kwa kutegemea matokeo yetu ya awali. Matokeo hayo hayamhusu."

Profesa, ukumbi umejaa, na wote wamesikia. Nasikitika kwamba tumengoja mpaka siku ya kukuaga.

Waheshimiwa, ahsanteni kwa kunitegea sikio. Na kama nyumbani kwako yupo mama anayetumia dawa hizo, tafadhali mpigie simu kwanza, makofi yatafuata.