Noella Nabindu, injenieri aliyepima uimara wa simu na taa

Ndugu wapendwa mliokuja kulia pamoja nasi, familia inawasomea maisha ya binti yetu Noella Nabindu, aliyezaliwa Kalundu, Uvira, tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa tatu wa mzee Damien, mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, na mama Georgette.

Alisoma hapa Uvira hadi diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, mwaka 2003, akaenda Bujumbura kusomea elektroniki, akamaliza mwaka 2009, na tangu hapo kazi yake ilikuwa na jina moja, kuhakikisha kwamba chombo kinadumu, lakini kila kampuni iliielewa kwa namna yake.

Kigali, katika kiwanda cha simu, kuanzia 2010, aliangusha simu, akazipasha joto na kuzibonyeza hadi zife, ili ajue udhaifu wake kabla ya mnunuzi, na mama aliposikia alicheka hadi machozi: «Weye Noella, wanakulipa juu ya kuvunja? Huku kwetu iko masahani mingi, kuja uvunje!»

Bukavu, mwaka 2014, kwenye kampuni ya minara ya simu, hakuvunja kitu, bali alipokea mitambo iliyokwisha kuungua kwa radi, akaichunguza kwa subira, akakadiria vipuri vya kuweka akiba, na Nairobi, mwaka 2016, kwenye vyombo vya hospitali, hakuna aliyemharakisha, kwa kuwa pale kosa dogo lingekata pumzi ya mgonjwa.

Tarehe 8 Agosti 2015 alifunga ndoa hapa Uvira na bwana Emery, Mungu akawapa Shalom, mwaka 2017, na Belyse, mwaka 2020.

Ili awe karibu na wazazi, mwaka 2021 alirudi Bujumbura, ng'ambo tu ya mpaka, kwenye kampuni ndogo ya taa za sola za kuvulia, ambako alikuwa mpimaji peke yake na bei ndiyo iliyotawala yote. Taa zilishinda majaribio ya mvua, joto na kutikiswa, mzigo ukawa tayari kuvuka mpaka, ndipo, akiwa likizo Kalundu, alipoona jambo ambalo yeye, mtoto wa mvuvi, alikuwa amelisahau: wavuvi wetu wakirudi alfajiri husugua taa kwa sabuni na mchanga, magamba ya ndagala yatoke. Akasugua taa moja vivyo hivyo wiki nzima, mpira wa kuzuia maji ukalegea, taa ikazimika, naye akajua mtumbwi usio na taa katikati ya ziwa hugongwa na mingine.

Mkubwa wake alimwambia: «Noella, taa imepita mvua, unataka nini tena?»

«Patron, minye nataka baba arudi asubui.»

Alikataa kutia sahihi ili taa ziuzwe, akaachishwa kazi Februari 2023, lakini aliyechukua nafasi yake alirudia kusugua, akaona yale yale, na taa hazikuuzwa hadi mpira ulipobadilishwa.

Akafungua karakana Mulongwe, hapa Uvira, akafundisha vijana, hadi figo zilipomlaza mwaka 2024, na tarehe 11 Mei 2025 akatutoka, mkono wake ukiwa mkononi mwa Emery.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mulongwe waliopika bila kuombwa, wenzake wa Bujumbura, na patron yule aliyemwachisha kazi, aliyekuja kuketi chini karibu na mzee Damien. Tunawashukuru pia wavuvi wa Kalundu, ambao kwa ajili yake hawakushuka ziwani jana, ingawa ndagala walikuwa wengi.

Mzee Damien alirudi kutoka ziwani kila asubuhi, na yuko hapa. Noella, mwana wetu, umetulinda vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.