Dawa ya Tairi

Mma Boitshoko alikuwa amepakata keki ya harusi ya binti yake, akiiomba kombi isiruke matuta, wakati wanaume wawili waliokaa mbele yake, nyuma tu ya dereva, walipogundua kwamba wote ni waosha magari, tena wa mtaa mmoja.

"Kumbe ndiwe unayeninyang'anya wateja, Rra, bwana wangu!" alimaka Oteng, yule mwembamba. "Mimi kazi hii nimeisomea. Ngozi na dawa yake, kioo na dawa yake. Wewe dawa ya tairi unapaka mpaka dashibodi!"

"Mteja akifungua mlango anataka ajione kama kwenye kioo," alijibu Mokgosi, yule mnene, bila hasira. "Wewe unamsomesha, mimi namfurahisha. Watoto wa marehemu dada yangu wanakula kwa mng'ao huo."

Oteng akanywea. Mtu anayelea yatima hatukanwi ndani ya kombi. Hata Mma Boitshoko asingekubali.

"Basi ng'arisha utakavyo, kaka. Ila pedali usipake, nakusihi. Mguu utateleza."

"Lakini pedali ndizo wanazozisifia zaidi," alisema Mokgosi, sauti imemshuka.

"Nani anazisifia?"

Mbele yao taa iligeuka nyekundu. Mokgosi akakishika kiti cha dereva kwa mikono miwili.

"Huyu hapa. Nimemwoshea asubuhi."

Mma Boitshoko akainua keki juu, kama mama anayevusha mtoto mtoni.

Kombi ilisimama. Taa nyekundu ilikuwa nyuma yao.