Kadi Nyekundu za Bi Glenys Pascoe

Baada ya miaka thelathini na sita na miezi minne ya kuosha vizimba, kubadili maranda na kuwatunza wanyama wa maabara ya taasisi yetu hapa Adelaide, Bi Glenys Pascoe anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, saa tisa alasiri. Mhariri wa jarida hili alinipa nusu ukurasa na ombi moja: nisiguse habari ya kadi nyekundu. Nusu ukurasa nimeikataa, na ombi pia.

Bi Glenys alizaliwa Kadina, binti wa fundi wa pampu. Alikuja kwetu Februari 1989 kwa kazi ya wiki sita, kuziba pengo la mtu aliyevunjika mguu. Mtu huyo alipona, akaenda zake kuuza magari, na Bi Glenys akabaki. Alianzia chumba cha kuoshea, kwenye mvuke, na kufikia 1998 alikuwa msimamizi wa ghorofa nzima ya panya. Muda wote huo hajawahi kujipaka manukato siku ya kazi, kwa sababu panya hawayapendi. Wala hajawahi kutia sahihi daftari la mashine ya kuoshea kabla ya kuona kwa macho yake kwamba ile karatasi ya kupimia joto imegeuka rangi. Isipogeuka, mzigo wote unarudi mashineni, hata kama ni vizimba mia mbili, hata kama ni siku ya fainali ya futiboli. Sisi wenye tiketi tulinuna. Alituambia tuinunie mashine.

Mtu wa idara yetu haruhusiwi kufuga panya nyumbani, asije akatuletea maradhi. Mwaka 2011 wajukuu wa Bi Glenys walinunuliwa panya wawili. Basi kwa miaka miwili na nusu, mpaka yule wa pili alipokufa kwa uzee, bibi yao hakukanyaga ndani ya nyumba ile. Krismasi aliila nje ya geti, kwenye kiti cha kukunja, sahani zikipitishwa juu ya uzio. Binti yake alimwita mkaidi. Alijibu kwamba hiyo si habari mpya, na akaomba aongezwe viazi.

Wapo wanaodhani kwamba watu wa kazi yetu wana roho za chuma, na wapo wanaodhani tunalia kila siku. Bi Glenys hayumo katika kundi lolote kati ya hayo. Husema wazi kwamba wanyama hawa hawakuomba kuja, na kwamba wengi hawatoki wazima. Mikono yake mwenyewe imewamaliza wengi, haraka na kwa upole, na hilo hajawahi kulificha, hata kwa wajukuu. Ndiyo maana mateso yasiyo na sababu hakuyavumilia hata dakika moja.

Sasa tuje kwenye kadi. Ni kipande cha karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja. Mtunzaji akiona mnyama ana shida, anaipachika kwenye kizimba, na tangu hapo mnyama huyo haguswi kwa utafiti wowote mpaka daktari wa wanyama aje amwone. Haijalishi utafiti ni wa nani.

Oktoba 2016, katika chumba namba saba, panya wa Profesa Lachlan Muirhead walikutwa wamejikunyata, manyoya yamesimama, na pembeni mwa macho wana yale machozi mekundu ambayo mgeni huyadhani damu. Bi Glenys alipachika kadi. Profesa alizibandua, akisema hayo ni madhara ya dawa yake, aliyatarajia, na amebakiza siku mbili tu za vipimo. Bi Glenys akapachika tena, profesa akabandua tena. Mara ya tatu alipachika, akafunga mlango, akapindua ndoo ya chakula na kuikalia pale pale mlangoni. Watu husema mwenye nguvu mpishe. Yeye hakumpisha mtu.

Nilikuwapo, nimeshika ufagio, mwezi wangu wa pili kazini. Profesa alimkumbusha kwamba yeye ni mwosha vizimba, na kwamba kama anaitaka kazi yake, ainuke.

"Lachlan," alisema bila kupaza sauti, "mimi ndiye niliyekufundisha kushika panya, ukang'atwa, ukalia. Kazi ichukue. Hapa siinuki."

"Na ikiwa kweli ni dawa, utasema nini?"

"Nitasema kadi inabaki. Panya hajali anaumwa kwa sababu ya nani."

Daktari alifika saa mbili baadaye kutoka Mount Barker. Dawa haikuwa na kosa. Bomba la maji la rafu nzima lilikuwa limeziba, na panya walikuwa na kiu tangu jana yake. Vipimo vile vingekamilika, kiu ingeandikwa kuwa madhara ya dawa.

Bi Glenys hakupewa asante. Alipewa barua ya onyo yenye makosa mawili: kumvunjia heshima profesa, na uzembe wa kutokagua maji. Aliitia plastiki, akaitundika juu ya mashine ya kuoshea, na ipo hadi leo. Wiki hii nimeagizwa niiondoe kabla wageni hawajafika. Sitaiondoa, na sasa naeleza kwa nini.

Maji hayo nilipaswa kuyakagua mimi. Kila jioni tunabonyeza kwa kidole kila chuchu ya maji, ile ncha ya bomba anayonywea panya, moja baada ya nyingine. Jioni ile nilikuwa na haraka. Niliweka alama kwenye fomu bila kubonyeza hata moja. Bi Glenys alijua. Kwenye ripoti aliandika jina lake, kwa kuwa ndiye msimamizi, na mimi akaniambia neno moja tu: "Kesho utabonyeza zote, nami nitasimama nyuma yako." Alisimama nyuma yangu mwezi mzima. Nimenyamaza karibu miaka tisa, na ninaona aibu.

Alhamisi hii kamati ya taasisi itaamua kama kuanzia Julai kadi isipachikwe mpaka mtafiti mwenyewe akubali. Jarida linachapwa Jumatano, kwa hiyo uamuzi siujui. Bi Glenys alipoulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, alisema kanuni ibaki ilivyo, na ile saa ya ukutani wanayopewa wastaafu wampe mwingine.

Bi Glenys, asante kwa mwezi ule mmoja na kwa miaka yote mingine. Nenda ukale Krismasi ndani ya nyumba, ufuge panya ukipenda, na uwe na afya na siku nyingi za raha. Zile kadi kumi na moja ulizonipa jana ziko mfukoni mwangu. Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, naanza na chumba namba saba. Nikiona machozi mekundu, nitapachika kadi kwanza. Ndoo naijua ilipo.

Tavita Leota
Mtunzaji wa wanyama, ghorofa ya panya