Ndoo Moja ya Maji Safi

Katika basi la Jogoo Road, mbele yangu aliketi mama mwenye kikapu cha sukuma wiki, na kando yake kijana mwenye beji ya maabara ya kiwanda. Mama alikuwa amewaka. "Wateja wamenirudishia mboga! Eti zinanuka dawa ya choo. Nazimwagilia kwa huo mto mnaouchafua!"

"Pole, mama. Hiyo ni fenoli, sumu ya kiwandani," kijana akasema. "Lakini tumepata ufundi mpya. Tunatia majini matone ya mafuta yenye magadi makali ndani. Sumu inapenya ngozi ya mafuta, inanaswa na magadi, haitoki tena."

Nikawaza, hicho ni kitendawili kizuri: nyumba haina mlango, mgeni huingia, kutoka hawezi.

"Mafuta ndiyo yaoshe maji? Haya. Mmesafisha kiasi gani?"

"Ndoo moja. Bado tunajaribu."

"Ndoo moja! Na mboga zangu nazo mnazijaribu? Iko wapi hiyo ndoo, nije niichukue!"

Kijana akatazama dirishani. "Tukishapima, tunaimwaga."

"Wapi?"

"Mtoni."

Mama akamshika mkono wa shati. Basi likasimama kwenye kituo cha kijana, na mama hakumwachia.