Babu Reli Anaondoka Kwenye Dawati la Simu Kuukuu

Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mwenzetu tunayemwita Babu Reli atafunga dawati la simu kuukuu katika ukumbi wetu wa huduma kwa wateja na kukabidhi ufunguo wa droo. Mkuu wa ukumbi ameniomba niandike machache kwa ajili ya jarida la wafanyakazi. Nimekaa naye meza kwa meza muda mrefu kiasi cha kukijua hata kikohozi chake, kile anachokitoa kabla ya kumpa mteja habari mbaya. Kwa hiyo naandika kwa moyo mzito, na sitajifanya vinginevyo.

Alianza akiwa fundi wa nguzo, enzi za simu za mezani, na alipanda nguzo hizo mpaka goti lilipomgomea. Ndipo alipoletwa ndani, akapewa dawati ambalo hakuna aliyelitaka: la watu wenye simu za zamani zilizopasuka vioo, ambao sisi wengine tulikuwa tukiwashauri wanunue mpya ili foleni isogee.

Jina lake lilitokana na misimbo ya huduma, zile namba zinazoanza na nyota (*) na kuishia na alama ya reli (#), ambazo mteja hubonyeza ili aangalie salio au aelekeze simu zake kwenye namba nyingine. Wengi husahau alama ya mwisho. Basi kila alipomsomea mtu msimbo, alimalizia kwa kusema, "Na reli, usiisahau reli," mpaka siku moja mtoto wa mteja akamwita Babu Reli, na jina la kwenye kitambulisho likabaki kwenye kitambulisho.

Dawa yake ya kwanza ilikuwa ileile kwa kila ugonjwa: zima, subiri, washa. Aliitumia kwa simu, kwa mashine ya kuchapia, na safari moja kwa wasimamizi wawili waliokuwa wakigombana mbele ya wateja. Mmoja alimtoa nje akapunge upepo, akasubiri, kisha akamwita ndani. Walirudi kuongea kama watu wazima.

Lakini alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza kamwe, na alimweleza kila mwajiriwa mpya chanzo chake. Miaka yake ya mwanzo dawatini, msimbo ulijibu vizuri kwenye simu ya mteja mmoja, Babu Reli akamwambia nenda, imepona. Haikuwa imepona. Simu alizopigiwa yule bwana ziliendelea kupotea, na taarifa ya msiba wa dada yake ikamfikia baada ya mazishi. Tangu hapo Babu Reli hakumrudishia mtu simu mpaka iite mbele ya macho yake, na hakukubali kuipiga yeye kutoka dawatini. Alimuuliza mteja, "Ungependa nani akupigie?" Mtu huyo ndiye aliyetakiwa kupiga.

Mwaka huu sharti hilo lilikutana na mama mmoja, ambaye ameturuhusu tusimulie habari zake. Alikuja na simu ya marehemu mumewe, ya Android ya miaka mingi nyuma, akilalamika kwamba inamsusia. Haiiti. Na kila anapobonyeza msimbo wowote, kioo kinaandika, "Tatizo la muunganisho au msimbo batili wa MMI," yaani msimbo umekataliwa. Madawati mengine yalikuwa yameshambadilishia laini mara mbili, bila mafanikio.

Babu Reli aliizima, akasubiri, akaiwasha. Ikakataa. Akafuta kumbukumbu za muda za programu ya kupigia, ikakataa tena. Ndipo akaingia kwenye mipangilio na kuona kwamba simu imeng'ang'ania mtandao mpya, ambao kwa simu ya umri ule hubeba maongezi lakini misimbo huishia njiani. Akairudisha kwenye mtandao wa zamani, akabonyeza msimbo wa kuuliza simu zinazoingia zinaelekezwa wapi, na reli. Safari hii jibu likaja. Namba iliyotokea ilikuwa ya marehemu.

Mama aliikumbuka mara moja. Simu ndogo ya mama ilipokufa, mumewe alielekeza simu zote zinazoingia kwenye laini ya mama ziende kwenye namba yake yeye mume, ili mama asikose habari za mtoto. Mumewe alipofariki, yeye aliitoa laini ya marehemu, akaiweka kabatini, akatia yake mahali pake. Agizo lile la kuelekeza simu halikai kwenye simu wala kwenye laini. Linakaa kwetu, kwenye mitambo. Mwaka mzima, kila aliyempigia alipelekwa kwenye laini iliyolala kabatini na kuambiwa kwamba hapatikani.

Agizo likafutwa. Kisha Babu Reli akauliza swali lake, na mama akasema hana wa kumpigia. Ana mwana mmoja tu. Alimtolea maneno makali kwa sababu kijana aliondoka kurudi kazini asubuhi iliyofuata mazishi ya baba yake, na tangu siku ile hajapiga hata mara moja. Yeye ndiye mdogo, alisema mama, yeye ndiye wa kuanza.

Babu Reli hakumbembeleza. Aliiweka simu juu ya dawati, akamvutia mama kiti, akaendelea kuhudumia wengine. Sisi tuliokuwa karibu tulijifanya tuna kazi nyingi. Foleni ilikuwa imekwisha kabisa mama alipoitaja namba, tarakimu moja moja, kwa kichwa, bila kukosea hata moja. Babu Reli akampigia kijana kwa simu ya ofisi, akamweleza yaliyotokea. Kijana akasema, "Mimi nilijua mama ameifungia namba yangu. Nimepiga mpaka nikachoka."

Dakika haikupita, simu ya mama pale juu ya dawati ikaita. Mama aliitazama mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Akaipokea, akaishika kwa mikono miwili, na neno lake la kwanza baada ya mwaka mzima likawa, "Umekula?" Babu Reli alikwenda kunawa mikono, akakawia sana huko.

Nimelisimulia hili kwa sababu maalumu. Marehemu mkewe Babu Reli alikuwa akimpigia kila siku wakati wa chakula cha mchana, na ukumbi mzima uliujua mlio ule. Sasa yapata miaka miwili tangu tumzike. Bado kila mchana wakati wa kula Babu Reli huitoa simu mfukoni, huiweka kando ya sahani, na haiiti. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka huu aliomba aongezewe muda kazini, akaandika kwamba nyumbani ni kimya mno. Kanuni hazikuruhusu.

Babu, ulipokwenda kunawa juzi uliiacha simu yako mezani, ile iliyofungwa kwa mpira. Utuwie radhi, tuliikagua. Mtandao uko sawa, hakuna simu inayoelekezwa kwingine, misimbo yote inajibu. Lakini kwa sharti lako bado hatuwezi kusema imepona. Kwa hiyo tumepangiana zamu, na kuanzia Jumatatu, kila siku mchana wakati wa kula, mmoja wetu atakupigia. Yule mama aliposikia alikuja kuomba Alhamisi iwe yake, na swali lake la kwanza unalijua.

Asante kwa kila simu uliyoifanya iite. Tunakuombea afya, amani na siku nyingi zenye sauti ndani ya nyumba. Jumatatu mchana ikiita, pokea.