Chupa ya Mfaume: Historia ya Marehemu Bi Semeni

Bismillahi. Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha mashamba yenu asubuhi hii mkaja Mtawanya kutusitiri, familia inawasomea kwa ufupi maisha ya mama yetu, bibi yetu, Bi Semeni binti Mfaume, ambaye Kibiti nzima ilimwita Bibi Chupa, naye akaitika.

Marehemu alizaliwa Oktoba 1905 katika vilima vya Umatumbi, vita vya Maji Maji vikiwa vimekwisha kuwaka, miezi miwili baada ya baba yake, Mfaume, kunyunyiziwa maji ya dawa na kuondoka na wenzake, akimwachia mkewe Mwamvua mimba, na chupa ya kijani yenye maji hayo hayo, imezibwa kwa gunzi na nta, na neno moja, "Nitunzie, nikirudi nitakuwa na kiu." Hakurudi, wala hakuna aliyeuona mwili wake, na njaa iliyofuata vita ikamteremsha Mwamvua, mtoto mgongoni, hadi Chumbi, kwenye bonde la mpunga, wakapokewa, wakasilimu, wakabaki.

Mwaka 1912 marehemu alianza chuo kwa Mwalimu Abdulkarimu, akahitimu juzuu zake, lakini nyumbani alikuwa na darasa jingine, nalo ni ile chupa, ambayo mama yake aliiweka barazani, juani, ili Mfaume aione kutoka njiani. Maji yalikuwa yakipungua, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na kila Idi Mwamvua alichora alama ya mkaa, na majirani waliomwambia akubali kwamba mumewe amekufa aliwaonyesha alama hizo, "Maiti hanywi, jamani, na huyu anakunywa." Kwa ajili hiyo hakuweka matanga, hakukaa eda, na Huseni, mkulima mwema aliyeleta posa kwa adabu, alijibiwa kwamba anamposa mke wa mtu.

Semeni yeye aliigonga chupa kwa kijiti, akasikia kwamba kadiri maji yanavyoshuka ndivyo sauti inavyopanda, akaamini ni sauti ya baba yake inakaribia. Alipofika umri wa kuuliza, akataka kujua kwa yakini kama anaye baba au hanaye, basi baada ya Idi ya mwaka 1919 alitoa kuku wake dukani akapata chupa iliyofanana na ile, akaitia maji ya kisima, akaongeza na kupunguza hadi sauti mbili zikawa moja, akaiziba kwa gunzi na nta, akaichora alama za mkaa, akaificha nyuma ya nyumba, mahali palipopata jua lile lile.

Mwaka mzima sauti zile zilipanda pamoja, kama watu wawili wanaopanda kilima wameshikana mikono, na ilipofika Idi iliyofuata Semeni alikuwa amekwisha kulia peke yake, kwenye kinu, akikusudia kunyamaza ili mama yake asivunjike moyo. Lakini Mwamvua alisikia mlio nyuma ya nyumba, akaja na mwiko mkononi, akaitazama chupa ngeni na alama zake, akauliza, "Na hii, Semeni, anakunywa nani?" Mama aligonga hii, akaenda barazani akagonga ile, akarudi, akaenda tena, kisha akaketi mchangani akaomba aletewe nguo nyeupe. Wanawake wa Chumbi walimwambia, "Mwenzetu, eda yako ilikwisha zamani," naye akasema, "Yangu inaanza leo," akaikaa yote, na Mfaume akasomewa hitima.

Mwaka 1921 Mwamvua aliolewa na Huseni, na harusini Semeni alipanga chupa mkekani, kila moja na maji yake, akapiga wimbo, na hapo ndipo kazi yake ilipoanzia. Alilima mpunga maisha yake yote, ila ngoma za beni zilimjua, gari la sinema lilipokuja Kibiti mwaka 1954 asubuhi yake alikuwa ameshaukamata muziki wake wote, vijana wakacheza twisti kwa mlio wa chupa zake, na watu wa redio walipokuja na mashine mwaka 1967 wakamwuliza kafundishwa na nani, aliwajibu, "Jua, wanangu. Linakunywa bila kuomba."

Aliolewa na marehemu Mshamu Shaban mwaka 1923, wakahamia hapa Mtawanya, wakajaaliwa watoto watatu, Zaidi, Tabu na Mwanajuma, na wajukuu ambao kila mmoja amewahi kuchapwa kwa kunywa wimbo.

Tangu mwaka 1979 alisumbuliwa na moyo na kuvimba miguu, akatibiwa Utete, akafariki Jumanne, tarehe 10 Machi 1981, alfajiri. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopokezana kumbeba, na wapiga ngoma wenzake waliokuja leo bila ngoma.

Limebaki agizo lake. Chupa ya Mfaume ilikauka kabisa mwaka 1931, naye hakuijaza tena, akawa anaigonga mwishoni mwa wimbo tu, kwa sauti yake ya juu kuliko zote. Aliagiza leo ijazwe kisimani, na maji ya kumwagia kaburi lake yatoke humo, kwa sababu kaburi la baba yake halikujulikana likamwagiwa. Lakini yasimwagwe yote. Nusu yabaki, chupa irudishwe barazani, juani, safari hii bila kizibo, baba anywe.

Pumzika, Bi Semeni, maji tumekwisha kuyateka.